Mwalimu na Boti ya Uani

Alumini haifichi kosa, alikuwa akisema Mwalimu. Mbao utaziba kwa gundi na unga wa msumeno, chuma utachomelea na kupiga rangi, lakini ukitoboa alumini mahali pasipofaa, tundu hilo litakutazama mpaka uichukie boti yenyewe. Kwa sababu hiyo alikuwa mgumu kutoboa. Kwa miaka yote tuliyoishi ukuta kwa ukuta pale mtaa wa Woodley, Nairobi, nilimwona akipima, akipangusa, akiweka alama na kuzifuta. Kumwona ameshika drili inayozunguka lilikuwa jambo la nadra kama mvua ya Januari.

Boti ilikaa uani kwake juu ya matairi manne ya lori, imefunikwa turubai. Ilikuwa ndogo, ya watu wawili au watatu, chini bapa, kingo zake zimekunjwa kwa nje kama pindo la sketi. Aliinunua mtaa wa Karen, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga nyumba kurudi kwao, mwaka uleule aliostaafu kufundisha michoro ya kiufundi. Vijana wa mtaa walipopita waliinua shingo na kumsalimia.

"Sasa Mwalimu. Maji imefika?"

Naye alijibu bila kuinua kichwa kwamba maji yako ziwani Naivasha, hayajahama, yanamngoja.

Kila mtu alimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha, na mimi pia. Yeye aliniita Mama Ciku. Nilikuwa, na bado niko, fundi wa kutengeneza cherehani zilizoharibika, pale sokoni Kenyatta Market. Kazi nilijifunza mwenyewe kwa kusoma vijitabu vinavyokuja na mashine, nikifungua na kufunga mpaka nikaelewa. Nadhani hilo ndilo lililomfanya aniamini na spana. Watu wengi wa mtaa hakuwaamini. Angekuazima ngazi yake ndefu kwa wiki nzima, lakini bisibisi yake hungeigusa, kwa maelezo kwamba ngazi haiharibiki kwa kushikwa vibaya.

Alichotaka kufanya kwenye ile boti kilikuwa rahisi kueleza. Zamani yeye na mkewe walikuwa wakienda Naivasha siku za mapumziko, wanakodi boti pamoja na mtu wa kuipiga makasia, wanavua. Katika boti za kukodi huna mahali pa kuweka fimbo ya kuvulia. Unaibana kwa magoti, na ukitaka kunywa chai unampa mwenzako akushikie. Mwalimu alitaka vishikio. Lakini kishikio ukikifunga kwa bolti ukingoni, kinabaki hapohapo; ukigundua baadaye kwamba kinakugonga kiwiko, itakubidi utoboe tundu jingine. Kwa hiyo akaamua kufunga reli, moja kila upande, ukingo mzima, ili vishikio viteleze mbele na nyuma na kukazwa popote mvuvi anapopenda kukaa.

"Ukiwa na reli," alinieleza, "unatoboa mara moja, halafu unabadilisha mawazo mara elfu."

Reli zenyewe hazikuuzwa Nairobi, au kama ziliuzwa hatukujua wapi. Alizipata kwenye karakana moja nyuma ya Kirinyaga Road, kwa watu wanaotengeneza madirisha ya maduka. Walikuwa na vipande virefu vya alumini vyenye mfereji katikati, vile vinavyobeba vioo. Mfereji ulikuwa mpana kiasi cha kichwa cha bolti kuingia na kuteleza bila kuzunguka. Mwenye karakana, Singasinga mmoja mzee mwenye maneno machache, alimuuliza anatengeneza duka gani. Mwalimu akamwambia ni duka la samaki. Singasinga akamtazama kwa muda, akamkatia vipande vyake, akamwambia awe na siku njema ya biashara. Hadithi hiyo Mwalimu aliirudia mara nyingi, na kila mara alicheka mwisho, yeye ambaye hakucheka ovyo.

Jambo la kuchekesha zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa hali samaki. Aliogopa miiba. Nilipomuuliza basi anavua ya nini, alisema kwamba mkewe ndiye aliyekuwa akila, yeye alipenda tu ule wakati kabla samaki hajashika.

Safari zake za mjini zilikuwa na utaratibu wake, na hapa ndipo mtu alianza kumwelewa. Alitoka asubuhi baada ya watu wa kazi kuondoka, akarudi kabla ya chakula cha mchana. Kabla ya kutoka alifua nguo. Hata kama hakukuwa na nguo chafu, alichovya mashati mawili kwenye beseni na kuyaanika mbele ya nyumba yakidondosha maji. Redio aliiacha ikisema, sauti juu, ingawa yeye mwenyewe akiwa nyumbani hakupenda kelele hata za kuku. Viatu vya mpira aliviweka mlangoni, kimoja kimelala, kama vya mtu aliyeingia kwa haraka na atatoka sasa hivi. Halafu alinigongea, au akiona nimeshaenda sokoni alimgongea mwenye kioski cha mboga pale kona, akasema anaenda mjini mara moja.

Nyumba zetu zilikuwa za kupanga, za baraza la jiji, zile za mawe zilizojengwa zamani wakati ardhi bado ilikuwa nyingi, kila moja na uwanja wake. Miaka ile uwanja ndio uliokuwa tatizo, kwa kuwa wanyakuzi wa ardhi walikuwa wengi. Ungeamka ukute mabati yamezungushwa kwenye nafasi ambapo watoto walicheza mpira, na hakuna anayejua mwenye mabati ni nani. Watu walihesabu nyumba zisizokuwa na mtu kama vile mtu anavyohesabu meno yanayolegea.

Lakini hofu ya Mwalimu haikutokana na maneno ya mtaa. Alikuwa ameyaona kwa macho. Mkewe alipofariki alimpeleka nyumbani kumzika, akakaa huko kama desturi inavyotaka, mpaka watu walipotawanyika. Aliporudi Woodley alikuta kufuli jingine mlangoni. Dirishani kulikuwa na pazia asilolijua, na ndani, alipochungulia, sofa nyekundu. Vitu vyake vilikuwa vimerundikwa nyuma, vimelowa mvua, na juu ya rundo koti la marehemu.

Sisi majirani tulisimama naye. Tulikaa naye barazani kwa zamu, wanawake tukileta chai, wanaume wakizungumza kwa sauti kubwa ili walio ndani wasikie kwamba anayeishi hapa anajulikana. Mwishowe wale watu waliondoka alasiri moja na sofa yao, bila neno, kama watu waliokosea nyumba. Nani aliwatuma hatukujua. Mwalimu aliingia, akafagia, akabadilisha kufuli, na tangu siku hiyo hakulala tena nje ya nyumba ile. Harusi ya binti yake, kule Nakuru, alienda na kurudi siku hiyohiyo, akaondoka kabla keki haijakatwa. Wajukuu waliomtaka walikuja wao.

Na bado, huyuhuyu mtu, ungekaa naye dakika tano angekutuma safari. Alijua barabara zote kwa kuzichora. Alinisisitizia nimpeleke Ciku akaone bahari kabla hajamaliza shule, akaniambia upande upi wa basi nikae ili jua lisinipige. Mume wangu alipopata kazi Eldoret na kusitasita, Mwalimu ndiye aliyemsukuma aende. Alimwambia mtu anayekaa mahali pamoja anaanza kufanana na samani. Mume wangu akamjibu kwa utani, "Na wewe Mwalimu, ni kabati ama ni meza?" Nilidhani atakasirika. Akafikiri, akasema yeye ni mlango.

Baadaye akajenga ukuta. Zamani tulitenganishwa na njia ya nyuma kwa ua wa kayaba, miiba mitupu, na kwenye ua huo kulikuwa na lango pana la mbao ambamo boti iliingilia siku ilipoletwa. Mabati yalipotokea nyumba ya tatu kutoka kwake, Mwalimu alikata kayaba yote, akaita fundi wa mawe, akainua ukuta wa kimo cha mtu na kuupanda vioo vya chupa juu. Mahali pa lango pana akaweka mlango mwembamba wa chuma, wa mtu mmoja kupita akiwa na ndoo. Fundi alimuuliza boti itatokaje.

"Kwanza tuhakikishe hakuna kinachoingia," Mwalimu akasema.

Hapo ndipo utani wa vijana ulipobadilika. Walikuwa wakisema boti imeshika mizizi. Walikuwa wakimuuliza kama ataifuga humo ianze kutaga. Mmoja wao, kinyozi wa pale sokoni, alinieleza kwa huzuni ya kweli kwamba mzee amejifungia boti yake mwenyewe, mtu aliyefundisha vipimo maisha yake yote. Mtaa mzima uliamini hivyo, kwamba ni kosa la hesabu. Mimi sikuamini. Boti ile ni nyepesi. Watu sita wenye afya, na godoro kuukuu la kufunika vioo, wangeivusha juu ya ukuta huku wakipiga soga. Mwalimu alilijua hilo kuliko yeyote. Ukuta haukuwa umeifunga boti; ulikuwa umempa sababu moja zaidi ya kutoulizwa ataondoka lini.

Sababu kubwa zilikuwa zile reli.

Kufunga reli ni kazi ya watu wawili. Mmoja anasimama nje na bisibisi, anaingiza bolti kutoka juu. Mwingine analala ndani ya boti, uso chini ya ukingo, anashika nati kwa spana ili isizunguke. Kazi ya kulala ndani ilikuwa yangu. Nilijifunga leso kichwani nikalala chali kwenye alumini baridi, miguu yangu ikitokeza nyuma, na wanawake waliopita njia ya nyuma walipoiona kupitia ule mlango mwembamba waliuliza kwa sauti kama Mwalimu amevua nini leo. Mwalimu aliwajibu kwamba ni kambare, na ni mkali. Sikuona ubaya. Jumapili alasiri, sokoni kumetulia, nililala pale nikitazama mstari wa mwanga kati ya reli na ukingo, nikisikia pumzi yake juu yangu.

Alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja. Kwanza alibandika utepe wa karatasi ukingoni, akachora juu yake. Akaacha hivyo siku kadhaa, akawa anaingia kwenye boti na kukaa na kijiti cha ufagio mkononi kama fimbo ya kuvulia, akigeuka huku na huku kuona kiwiko kitapita wapi. Aliporidhika, alipiga alama kwa msumari ili drili isiteleze, akatoboa tundu dogo, halafu kubwa, akalisugua kingo kwa tupa mpaka kidole kikipita kisikwaruzwe. Bolti zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, na chini ya kila moja aliweka kipande cha plastiki, kwa sababu chuma na alumini vikigusana majini kimoja humla mwenzake. Halafu tone la silikoni, ili maji yasipenye. Halafu bolti. Halafu mimi na nati.

Na hapo alitoa onyo ambalo nililisikia mara nyingi hata nikalisikia usingizini.

"Usikaze, Mama Ciku. Ishike tu. Ukikaza moja kabla ya zote kuingia, reli inavutika upande. Zote zikae legelege mpaka ya mwisho iingie. Ndipo tunakaza, kutoka katikati kwenda nje."

Ni sahihi kabisa. Hata bamba la cherehani hufungwa hivyo. Lakini niligundua, baada ya muda mrefu kuliko ulivyostahili, kwamba ya mwisho ilikuwa haiingii. Tulipobakisha bolti moja upande wa kulia, aliona reli imekaa mbele mno kwa upana wa kidole, akaitoa yote. Tulipobakisha mbili upande wa kushoto, silikoni haikumpendeza. Akaikwangua, akaenda mjini kutafuta nyingine. Kuna kipindi zilipita mvua mbili za masika reli zikiwa pale zikitikisika ukizigusa, kila bolti imeshikwa na nati yake kwa nyuzi mbili tatu, zinangoja mwenzao mmoja.

Sikumwambia nilichokiona. Nilimwambia tu, siku moja nikiwa chini nimelala na yeye hanioni uso, kwamba reli zikiisha mimi nitakaa kwenye nyumba yake, yeye aende Naivasha na kaka yangu. Kaka yangu Njoro alikuwa na pikapu na hana maneno mengi. Nilisema nitaleta mashine moja ya kutengeneza, nitafungua redio, nitakaa siku nzima na usiku wake ikibidi.

Akaikwangua silikoni iliyozidi ukingoni.

"Nyumba inamjua mwenyewe," akasema.

"Nyumba ni mawe, Mwalimu. Wanaojua ni watu."

Akaniomba nimpe nati iliyoanguka. Hatukulirudia neno hilo kwa miezi.

Sitaki aonekane kama mtu wa kuhurumiwa tu. Alikuwa na ukali wake. Alimfukuza mtu wa kuuza mifagio kwa sababu alimwita "guka", yaani babu, bila kumjua. Alinifundisha, nikiwa mtu mzima mwenye biashara, jinsi ya kushika penseli, akasema nachora kama mtu anayeua mbu. Jumamosi mchana alikuja sokoni kwetu kula nyama ya kuchoma, kipande cha mbavu na kachumbari nyingi, na alikula amesimama, ameelekea njia ya Woodley, kama mtu ambaye ameacha sufuria motoni. Wachoma nyama walimzoea. Hawakumletea kiti tena.

Ilikuwa mwaka wa mwisho kabla magoti yake hayajamkatalia kabisa, na nadhani magoti ndiyo yaliyoamua. Jumapili moja tulifika kwenye bolti ya mwisho ya upande wa kushoto. Ya kulia ilikuwa imekaa tayari kwa wiki kadhaa bila kutolewa, jambo geni. Nikangoja aone kosa. Nilimsikia akivuta pumzi, akishuka taratibu kuchungulia mstari wa reli, akapanda tena huku akishika ukingo kwa mikono miwili kwa maumivu. Bolti ikaingia. Nikaishika kwa nati.

"Kaza," akasema.

Tulikaza zote, kutoka katikati kwenda nje, pande zote mbili. Tulipomaliza aliingiza kishikio kimoja, bomba la maji alilolipasha moto na kulipanua mdomo, akakitelezesha kutoka nyuma hadi mbele, na kukirudisha. Hakikukwama popote. Akasimama akikitazama kama mtu aliyepewa habari asiyojua ni njema au mbaya. Kisha akaniuliza, huku amegeukia kwingine, kama yale maneno ya kaka yangu na pikapu bado yapo.

Jumamosi iliyofuata vijana walikuja wakiongozwa na kinyozi. Walitandika godoro juu ya vioo. Boti ilipanda, ikalala juu ya ukuta kidogo ikimeta, nusu ndani nusu nje, na kila mtu akawa na la kusema.

"Mwalimu, hii kumbe ni ndege!"

"Shika huko nyuma, wewe, acha kupiga picha."

Ikashuka upande wa pili mikononi mwa Njoro na wenzake. Mwalimu alizunguka nyumba mara tatu. Alinionyesha swichi, bomba, kufuli la mbele na la nyuma, mambo niliyoyajua kama ya kwangu. Alipopanda pikapu alikaa upande wa dirisha lililoelekea nyumbani, na gari lilipokata kona kuelekea Ngong Road, shingo yake bado ilikuwa imegeuka.

Nikabaki.

Nilikuwa nimeleta mashine ya mkono ya fundi mmoja wa sketi za shule, nikaiweka kwenye meza ya Mwalimu karibu na dirisha. Nilidhani nitafanya kazi. Nyumba hiyo niliingia mara nyingi, lakini sikuwahi kuwa peke yangu ndani yake, na nyumba ya mtu mwingine mnapokuwa wawili tu, wewe nayo, ina masikio ya ajabu. Kila hatua iliyopita njiani ilipunguza mwendo mbele ya lango, au nilidhani imepunguza. Niliinuka kuangalia. Nilikaa. Nilihamisha kiti ili nione lango na mashine kwa pamoja, na nilipokihamisha nikaona kwenye sakafu alama za miguu ya kiti, zimechimba saruji, palepale nilipokiweka. Nikaelewa kwamba hapo ndipo alipokaa miaka yote. Sikutengeneza kitu. Chai nilipika nikasahau kuinywa. Nilitaka kwenda kwangu, hatua chache tu, kuchukua bisibisi ndogo, nikajikuta siwezi.

Mchana, jua likiwa kali, mtu alisimama langoni. Hakupiga kelele wala hakusukuma. Alikuwa mtu wa makamo, shati safi lililopigwa pasi, faili kwapani na utepe wa kupimia umening'inia kwenye mshipi. Alisalimia vizuri sana.

"Habari ya hapa, mama. Mwenye nyumba yuko?"

Nikasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu.

"Yuko. Amelala."

"Saa hii?"

"Ni mzee. Wazee hulala."

Akatazama nguo kwenye kamba. Mwalimu alikuwa ameanika mashati mawili alfajiri, na sasa yalikuwa yamekauka, yamekakamaa. Akayatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Na wewe ni nani wake?"

"Fundi wake. Nangoja aamke anilipe."

Akatabasamu. Akasema hana haraka, ni mambo ya kawaida tu, alikuwa anapita. Nikamuuliza nimwambie Mwalimu nani amekuja.

"Mwambie nilipita. Ataelewa."

Alienda hadi nyumba ya pili, akasimama, akaandika kitu, akaondoka. Mimi nilitoka nje, nikaanua yale mashati mawili, nikayachovya kwenye beseni, nikayaanika tena yakidondosha maji, na kila yalipokauka nikarudia, mpaka jioni.

Walirudi jioni, jua likiwa bado juu ya paa za Woodley. Vijana waliivusha boti juu ya ukuta bila godoro kuteleza hata mara moja, wakaiweka juu ya matairi yake, wakaondoka na samaki wote isipokuwa mmoja ambaye Mwalimu alinitengea. Uso wa Mwalimu ulikuwa umeungua jua puani na kwenye paji la uso. Njoro aliniambia pembeni kwamba mzee alivua vizuri, kwamba reli hazikutikisika, kwamba alibadilisha mahali pa kishikio mara nyingi mno kama mtoto na kifaa kipya, na kwamba mchana wote alikaa ameelekea nchi kavu.

Mwalimu aliingia ndani. Alipita vyumba vyote, nikasikia milango. Aliporudi aliniona nimekalia kiti chake, kwenye zile alama. Alikaa upande wa pili wa meza, akanywa chai yangu iliyopoa.

"Kuna mtu alikuja?"

Mchana wote ule nilikuwa nikilipima jibu hilo. Nikisema hapana, ataenda tena, na nyumba itabaki na mtu anayeipima. Nikisema ndiyo, nilijua boti itarudi chini ya turubai, na reli zile tulizozikaza zitakaa zimekazwa mpaka zizeeke. Alikuwa ameungua jua. Kwenye suruali yake kulikuwa na magamba ya samaki, na yeye hakuwa ameyaona.

"Alikuja mmoja," nikasema. "Na faili na utepe. Akauliza kama uko."

Aliweka kikombe chini. Mkono wake ulibaki juu ya kikombe.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia umelala."

Alinitazama. Kisha akatazama dirishani, mashati yakidondosha, saa ambayo hakuna anayeanika nguo, na kitu kikaanza kutikisika kwenye mabega yake. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, mdomo umefumbwa, mpaka akajifuta macho kwa kiganja kilichonuka ziwa.

"Basi Jumamosi ijayo pia," akasema, "nitakuwa nimelala."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa akiba, akautelezesha juu ya meza mpaka ukafika upande wangu. Nami nikautazama pale ulipo, bila kuuchukua, nikiwa bado nimekaa kwenye kiti chake.